Pumzi inapokatika usingizini: mashine, kifaa cha meno, upasuaji au kupunguza uzito?

Mtu anayekoroma usiku kucha, pumzi ikakatika, ikarudi kwa kishindo, kisha akaamka asubuhi kichwa kinamgonga, hakosi washauri. Kazini ataambiwa anunue mashine ya kusukuma hewa kooni. Kanisani ataambiwa apunguze tumbo. Mama mkubwa atasema akakatwe kimeo, na kijana wa dukani atamwonyesha kwenye simu picha ya kifaa cha mdomoni kinachouzwa mtandaoni. Wengi wao wana nia njema, na baadhi wameshika kipande cha ukweli. Shida ni kwamba kipande hicho hakimfai kila mgonjwa. Ukichagua kwa kumfuata aliyesema kwa sauti kubwa, utapoteza fedha, na kibaya zaidi utapoteza miezi huku ukiendelea kuendesha gari unasinzia.

Naandika nikiwa Moshi. Mimi si daktari. Ni mke wa dereva wa watalii anayelala na mashine, na kwa sababu hiyo ndugu na majirani huja kuniuliza: tuchukue ipi? Jibu langu huanza hivi kila mara: hakuna tiba iliyo bora kabla hujajua ukali wa ugonjwa wako kwa namba, na kabla hujautazama usiku wako ulivyo, yaani umeme ulionao, kazi unayofanya, meno uliyonayo na mtu unayelala naye.

## Kwanza upimwe

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini (kwa Kiingereza, sleep apnea) hulegea mpaka njia ya hewa ikabanwa au ikaziba kabisa. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, na ubongo unamshtua kidogo ili avute pumzi. Mwenyewe hakumbuki. Kinachohesabiwa ni mara ngapi kwa saa pumzi imekatika au imepungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Bila namba hiyo, kulinganisha tiba ni kubahatisha.

Madaktari wengi huanza na maswali manane: unakoroma kwa sauti kubwa? Mchana unachoka au kusinzia? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? BMI yako, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu, imezidi 35? Umri umepita miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Ni mwanaume? Ukijibu ndiyo mara tatu au nne, hatari yako ni ya kati. Tano na kuendelea, ni kubwa. Shingo unaweza kuipima leo hii kwa futikamba ya fundi cherehani.

Baada ya hapo ni hospitali. Kwa Moshi, Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Kwa Arusha, ya mkoa ni Mount Meru. Mwenye bima asikurupuke kwenda moja kwa moja juu bila karatasi ya rufaa, maana atarudishwa au atalipa mfukoni. Faida ya hospitali ya kanda kwa ugonjwa huu ni kwamba bingwa wa magonjwa ya ndani, bingwa wa masikio, pua na koo, na daktari wa kinywa na meno wako ndani ya uzio mmoja, na huu ni ugonjwa unaoweza kuwahitaji wote watatu.

Nenda na ushahidi. Daktari aliyetuona sisi aliniambia, "Mama, nirekodie dakika chache tu, akiwa chali, na taa iwe inawaka nikione kifua." Nilirekodi kwa simu. Kwenye video kifua kinapanda na kushuka, tumbo linakwenda kinyume nacho, na mdomoni kimya. Kisha mkoromo wa ghafla na mguu unarushwa. Aliitazama mara mbili bila kusema neno, akaanza kuandika.

Vipimo viko vya namna mbili. Kipo cha kulala hospitali huku mawimbi ya ubongo, moyo, pumzi, macho na miguu yakirekodiwa. Kipo pia cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, kipira puani na kidude cha oksijeni kidoleni. Cha nyumbani kinatosha kwa mtu mzima mwenye dalili za wazi na asiye na ugonjwa mwingine mzito. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa mzito wa mapafu, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini anahitaji kile kikubwa. Na jambo hili lisikupite: kipimo cha nyumbani huweza kuonyesha ugonjwa ni mdogo kuliko ulivyo. Kikisema huna kitu wakati dalili zako zinapiga kelele, omba kurudiwa. Ikibidi kupewa rufaa ya Dar es Salaam au kuvuka Namanga kwenda Nairobi, uliza kabla ya kufunga mzigo: ni kipimo kipi hasa, majibu yanatoka lini, na nani huku atakayeyasoma.

Kidude cha kidoleni kinachowekwa dakika moja mchana hakitoi jibu la ugonjwa huu. Mchana oksijeni yako inaweza kuwa safi kabisa.

## Njia nne, na vigezo vya kuzipimia

Ya kwanza ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Ya pili ni kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno, ambacho huvuta taya la chini mbele. Ya tatu ni upasuaji. Ya nne ni kupunguza uzito pamoja na kubadili namna ya kulala na kinywaji cha jioni. Zipo na nyingine, kama kifaa kinachopandikizwa kusisimua mshipa wa fahamu wa ulimi, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2014, lakini anayechagua akiwa Kilimanjaro au Arusha atajikuta kwenye hizi nne.

Nitazipima kwa mambo matano: inatibu kiasi gani, usiku wenyewe unakuwaje, inahitaji nini katika mazingira yetu, inakula fedha namna gani, na inamfaa nani.

## Inatibu kiasi gani

Kabla ya mwaka 1981, tiba ya uhakika kwa mgonjwa mkali ilikuwa kutobolewa koo ili apumulie shingoni. Mwaka huo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha taarifa ya mashine ya kusukuma hewa puani, na mambo yakabadilika. Mpaka leo, kwa ugonjwa wa kati na mkali, hakuna kinachoishinda CPAP kwa kuzuia pumzi isikatike usiku huohuo unapoiwasha. Kusinzia mchana huanza kupungua ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Presha nayo hushuka, ila kwa wastani ni kidogo, kama alama mbili tatu hivi, kwa hiyo vidonge vya presha haviachwi bila daktari.

Hapo naomba tuwe wakweli. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliotolewa mwaka 2016 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza mshtuko wa moyo au kiharusi. Ulionyesha mkoromo kupungua, usingizi wa mchana kupungua, na maisha kuwa na nafuu. Wagonjwa wale waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wataalamu bado wanajadili kama ndiyo sababu. Muuzaji akikuahidi kwamba mashine itakukinga na kiharusi, anauza kuliko anachojua.

Kifaa cha mdomoni kina nguvu ndogo kuliko mashine. Kwa wengi hupunguza idadi ya kukatika kwa pumzi kwa karibu nusu. Lakini watu hukivaa saa nyingi zaidi kuliko mashine, na kwa ugonjwa mwepesi na wa kati, ukiangalia usingizi wa mchana na hali ya mtu kwa jumla, tofauti huwa ndogo. Vile vya kuchovya kwenye maji ya moto na kung'ata mwenyewe havifikii kile kilichopimwa mdomoni mwako.

Upasuaji unategemea nani anapasuliwa na wapi. Kwa mtoto mwenye mafindofindo makubwa au nyama za puani, kuziondoa ndiyo tiba ya kwanza na wengi hupona au kupata nafuu kubwa. Kwa mtu mzima, kupunguza nyama za kaakaa laini na koo, upasuaji uliopata umaarufu tangu miaka ya 1980, hufanikiwa kwa chini ya nusu ya wagonjwa wasipochaguliwa kwa uangalifu. Kusogeza mataya yote mawili mbele kuna matokeo mazuri zaidi, ila ni operesheni kubwa. Kunyoosha pua iliyopinda mara nyingi hakumalizi ugonjwa kwenyewe, lakini humrahisishia mtu kuvumilia mashine.

Na kukata kimeo kwa mtaalamu wa jadi? Huku kwetu bado kunafanyika, hata kwa watoto wachanga. Hakutibu ugonjwa huu. Kunaleta kuvuja damu na maambukizi, na nawasihi ndugu zangu mkuache.

Kupunguza uzito kuna takwimu nzuri. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10 aliongezeka ukali wa ugonjwa kwa takriban asilimia 32, na aliyepungua asilimia 10 ukali ulishuka kwa takriban asilimia 26. Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu sindano ya tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa wa kati au mkali, ikiambatana na chakula na mazoezi. Ila uzito hushuka kwa miezi, na koo linaziba leo usiku. Tena si kila mgonjwa ni mnene. Wapo wembamba wenye taya dogo au koo jembamba, ambao kuwaambia wapungue ni kuwaonea.

Kulala ubavu humsaidia sana yule ambaye kipimo kimeonyesha pumzi hukatika zaidi akiwa chali. Pombe hulegeza koo, iwe mbege, bia au konyagi, na vidonge vya usingizi kama diazepam vinaweza kufanya vivyo hivyo. Kuviacha jioni ni hatua ya kila mgonjwa, atumie tiba yoyote.

## Usiku wenyewe unakuwaje

Hapa ndipo mashine hushinda au hushindwa. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu. Barakoa inabana daraja la pua, hewa inavuja machoni, mdomo unakauka, mtu anahisi anazidiwa na upepo. Mume wangu aliizoea kwa kuivaa ameketi sebuleni wakati wa taarifa ya habari, mashine ikiwa imewashwa kwa msukumo mdogo, mpaka uso ukaacha kuikataa. Asubuhi bado ana mistari miwili mashavuni, inafutika akishakunywa chai.

Barakoa ziko za aina tatu: ya kufunika pua, ya kuziba matundu ya pua tu, na ya pua na mdomo. Mwenye ndevu nyingi huvujisha hewa kwenye ile ya kufunika. Mama mwenye rasta au nywele zilizoshonewa juu atapata tabu na mikanda ya kichwani, basi ajaribu aina ambayo mkanda wake unapita nyuma ya shingo, na aende kuijaribu akiwa na mtindo anaolala nao. Aliyeziba pua kwa mafua au mzio atibiwe pua kwanza. Wataalamu wengi huhesabu kwamba mtu anaitumia mashine inavyotakiwa akiivaa angalau saa 4 kwa usiku, katika usiku 70 kati ya 100. Hicho ni kiwango cha chini cha kuhesabia, nawe lenga usingizi wako wote.

Kuna jambo la ndoa ambalo watu huliuliza wakiangalia chini. Mashine inaonekana kama kitu cha wodini, na baadhi ya wanaume huona aibu. Mimi nasema kama mke: mlio wa ile mashine ni mdogo kuliko mkoromo alionilaza nao miaka yote ile, na sasa silali nikisubiri pumzi irudi. Tulirudi chumba kimoja.

Kifaa cha mdomoni hakina kelele wala waya. Mwanzoni mate hujaa, taya huuma asubuhi, na meno huhisi hayakutani sawasawa kwa muda. Baada ya miaka, meno yanaweza kuhama kidogo, kwa hiyo daktari wa meno lazima aendelee kukuangalia. Taya husogezwa taratibu kwa wiki kadhaa, haivutwi yote siku ya kwanza.

Upasuaji huna cha kuvaa usiku, na hilo ndilo linalowavuta wengi. Gharama yake iko mwanzoni: maumivu makali ya koo kwa wiki moja hadi mbili, kumeza kwa shida, na hatari ya damu kutoka ambayo inaweza kujitokeza hata siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Wa Mkuu Rombo au Karatu apange kukaa karibu na hospitali siku hizo. Mtoto mwenye ugonjwa mkali alazwe usiku wa kwanza na aangaliwe pumzi.

Kulala ubavu kunahitaji hila. Kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira wa tenisi kunafanya kazi kwa wengine, ingawa wengi huvua baada ya miezi michache. Kuinua upande wa kichwani wa kitanda kidogo nako huwasaidia baadhi.

## Umeme, maji, vipuri na safari

Mashine inataka umeme usiku wote. Bila kupasha maji, nyingi hula umeme mdogo kuliko balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo kwenye LUKU haitakuumiza. Kinachoumiza ni umeme kukatika saa nane za usiku. Ukikatika, hewa husimama, barakoa ina matundu ya kutolea hewa chafu, na mtu huamka au huanza kukoroma upya. Mwenye sola au betri nyumbani auulize mapema upande wa volti: baadhi ya mashine hutumia volti 24, na betri ya gari ni volti 12, hivyo unahitaji kifaa cha kubadilishia kilichotengenezwa kwa mashine hiyo. Mume wangu akiwa kambi za Serengeti, ambako jenereta huzimwa usiku, hubeba betri yake na kuzima kipasha maji, kwa sababu hicho ndicho kinachomaliza chaji.

Maji ni suala la pekee kwa upande wetu. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi na madini mengi, na kuyachemsha hakuyaondoi. Yanaacha ukoko kwenye chombo cha unyevu. Watengenezaji huelekeza maji yaliyotoneshwa. Usiyapate kwa kununua maji ya betri bila kujua yamechanganywa na nini, kwani mengine yana asidi. Ukiyakosa, mashine nyingi zinafanya kazi bila kile chombo. Mwezi wa sita na wa saba Arusha baridi hufanya matone yajikusanye ndani ya mpira na kumwagika puani. Pitisha mpira chini ya blanketi. Kiangazi cha vumbi, kagua chujio mara kwa mara. Barakoa ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ikaushwe kivulini.

Mashine za mitumba zinanitia hofu. Juni 2021, kampuni ya Philips ilitangaza kurejesha mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa inamomonyoka na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mashine za namna hiyo zinaweza kuuzwa tena mtandaoni kwa bei ya kuvutia. Usinunue iliyotumika bila kukagua namba yake kwenye orodha ya kampuni, bila kujua msukumo ulioandikiwa na daktari, na bila kuwa na mahali pa kupata barakoa na vichujio vyake.

Kifaa cha mdomoni hakijali umeme, na ndiyo nguvu yake kubwa kwa wapagazi, walinzi wa mbuga na wote wanaolala porini. Kinahitaji meno yako mwenyewe ya kutosha juu na chini, fizi zenye afya, na daktari wa meno aliyewahi kutengeneza vya aina hiyo. Muulize waziwazi amewatengenezea wangapi na atakupimaje upya baadaye. Upasuaji unahitaji safari chache lakini nzito. Kupunguza uzito kunahitaji nidhamu ya kila siku na mtu wa kukufuatilia, na kwa Wachaga mtihani wake ni Desemba, tukipanda nyumbani.

Neno la pembeni kwa waongoza watalii wa Kilimanjaro: ukipanda juu, hewa nyembamba yenyewe huvuruga pumzi ya usingizini hata kwa mzima. Mwenye ugonjwa wa kati au mkali aongee na daktari kabla ya kupanda, hata akiwa amezaliwa Marangu.

## Fedha na bima

Usilinganishe bei ya kununulia peke yake. Linganisha miaka mitano. Mashine ina bei kubwa mwanzoni, kisha barakoa, mipira na vichujio vya kubadilisha. Kifaa cha mdomoni kina malipo ya kutengeneza, marekebisho, na kingine kipya kikichakaa. Upasuaji unalipwa mara moja, ila kwa mtu mzima weka akilini kwamba huenda bado ukahitaji mashine baadaye. Kupunguza uzito kunaonekana bure, na kwa mguu na sahani ni kweli, lakini sindano zake ni ghali na uzito huweza kurudi ukiziacha.

Kuhusu bima, uliza mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulipa chochote: kipimo cha usingizi kinalipwa? Mashine inahesabiwa kifaa tiba au mgonjwa anajinunulia? Upasuaji unahitaji kibali cha awali? Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia siku ya kudai.

## Inamfaa nani

Mashine inamfaa mwenye ugonjwa wa kati au mkali, hasa anayesinzia mchana, mwenye presha inayokataa dawa, au dereva. Asubiri nayo, au asaidiwe kwanza, mwenye pua iliyoziba na asiye na umeme wala betri kabisa.

Kifaa cha mdomoni kinamfaa mwenye ugonjwa mwepesi au wa kati, na yule mkali aliyejaribu mashine kwa dhati ikamshinda. Hakimfai mwenye meno ya bandia pande zote, fizi zinazolegea au maungio ya taya yanayouma.

Upasuaji unamfaa mtoto mwenye mafindofindo na nyama za puani, na mtu mzima ambaye bingwa ameona kitu dhahiri kinachoziba. Asiukimbilie aliyechoka tu na mkoromo bila kupimwa.

Kupunguza uzito kunamfaa kila aliyezidi uzito, lakini kwa ugonjwa wa kati na mkali kuende sambamba na tiba nyingine. Kwa mwepesi asiye na dalili kubwa, kunaweza kuwa ndiyo mwanzo unaotosha, mradi apimwe tena.

## Kulingana na hali yako

Kama wewe ni dereva wa basi la usiku, lori, gari la watalii au bodaboda, na umewahi kupitiwa na usingizi kwenye usukani, acha kuendesha mpaka utibiwe. Najua maana yake ni mkate wa nyumbani. Kwetu ilikuwa hivyo. Omba kipimo cha haraka na uanze na mashine, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi tangu usiku wa kwanza. Yanayohusu uzito na kifaa cha mdomoni yatafuata baadaye.

Kama kipimo kimesema mwepesi, una presha ya kawaida na husinzii, anza na ubavu, pombe na uzito kwa miezi michache, kisha pima upya. Ikiwa mkoromo unamfukuza mwenzako chumbani, ongeza kifaa cha mdomoni.

Kama unaishi pasipo umeme wa kutegemea na ugonjwa ni wa kati, nenda kwa daktari wa meno kwanza. Ukiwa mkali, fanya hesabu ya sola na betri kabla ya kusema mashine haiwezekani.

Kama ni mtoto anayekoroma karibu kila usiku, analala shingo ameirudisha nyuma, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au darasani hatulii, usisubiri asinzie mchana. Watoto wengi wenye ugonjwa huu huonyesha utundu na kushindwa kuzingatia, na huchapwa kwa kosa lisilo lao. Mpeleke kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Midomo ikibadilika rangi usiku, mpeleke usiku huohuo.

Kama ni mjamzito na umeanza kukoroma sasa, mwambie mkunga kliniki, hasa presha ikiwa inapanda.

Kama umenunua mashine nayo iko kabatini, usijilaumu na usiiuze bado. Rudi kwa waliokupa, waombe wasome kumbukumbu iliyomo ndani ya mashine, wakague uvujaji, wabadilishe aina ya barakoa na waangalie pua. Ipe mwezi mmoja mwingine wa juhudi. Ikishindikana, sasa una sababu ya haki ya kwenda kwa daktari wa meno au wa upasuaji ukiwa na namba mkononi.

Na kama unakwenda kufanyiwa operesheni yoyote, hata ya ngiri au uzazi, mwambie daktari wa nusu kaputi kwamba pumzi yako hukatika ukilala, na ubebe mashine yako wodini. Dawa za nusu kaputi na za maumivu hulegeza koo zaidi kuliko usingizi wa kawaida, na saa za hatari ni zile za baada ya kutoka chumba cha upasuaji.